Naambiwa Niwaze Mazuri Nitapata Furaha: Dini Inasemaje?

SWALI

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni mama wa makamo. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwasikiliza wahamasishaji wanaosema furaha ni uamuzi wa mtu: ukiwaza mazuri yatakujia mazuri, ukitamka mabaya umeyaita mwenyewe. Nimejitahidi. Kila asubuhi najiambia maneno ya kujipa moyo, siku mbili tatu naona nafuu, kisha moyo unarudi kuwa mzito vilevile. Hata ibada ni hivyo hivyo. Nikianza kuhifadhi Qur'ani au kufunga Jumatatu na Alhamisi, naanza kwa nguvu nyingi, halafu napoa. Mwenzangu mmoja akaniambia huzuni ni dalili ya imani dhaifu. Je, ni kweli? Hayo ya kuwaza mazuri yana asili katika dini? Na la mwisho: mtu akinijulia hali nikamjibu "alhamdulillahi, sijambo" ilhali ndani naungua, si nasema uwongo?

JIBU

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahali zake na Maswahaba wake.

Dada yangu, nianze na kauli ya mwenzako, maana naona hiyo ndiyo iliyokuchoma, na ndiyo iliyo mbali zaidi na usahihi katika yote uliyoyaeleza. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka, kwa maneno ya Qur'ani yenyewe, macho yake yakawa meupe kwa huzuni (Yusuf: 84). Huyu ni Nabii, baba wa Nabii, mwana wa Nabii. Nani atathubutu kusema imani yake ilikuwa dhaifu? Wanawe walimlaumu kama wewe unavyolaumiwa: hutaacha kumkumbuka Yusuf mpaka uugue au uangamie? Akawajibu: "Hakika mimi namshitakia Allah sikitiko langu na huzuni yangu" (86). Kisha aya inayofuata hapo hapo, kinywa kile kile kilichoshitaki kinatoa amri: "Enyi wanangu, nendeni mkamtafute Yusuf na nduguye, wala msikate tamaa na rehema ya Allah" (87). Kifua kimoja kilibeba huzuni iliyopofua macho na matumaini yaliyowaondoa vijana nyumbani waende kutafuta. Qur'ani imekemea kukata tamaa. Machozi haijayakemea.

Na Mtume wetu (swalla Allahu alayhi wasallam) alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, mwaka wa 10 Hijria, macho yake yalitiririka machozi. Abdurrahman bin Awf akastaajabu: hata wewe, ewe Mtume wa Allah? Akamwambia kuwa hiyo ni rehema, kisha akasema: "Hakika jicho linatoka machozi na moyo unahuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu" (vitabu vya Hadithi vya Bukhari na Muslim). Mwenzako akirudia maneno yale, msomee Hadithi hii kwa upole.

Haina maana kwamba huzuni ni kitu cha kukikaribisha na kukitandikia. Katika dua alizokuwa akikithirisha Mtume ni hii aliyoipokea Anas: "Ewe Mola, hakika mimi najikinga kwako kutokana na hamu (yaani fadhaa ya moyo) na huzuni, na unyonge na uvivu, na ubakhili na woga, na mzigo wa deni na kushindwa nguvu na watu" (Bukhari). Tazama mpangilio wake. Mara tu baada ya huzuni umetajwa unyonge na uvivu, na kila aliyewahi kulala na huzuni siku kadhaa anajua kwa nini vitu hivyo viko jirani. Na kati ya vinavyomuumiza mtu limetajwa deni wazi wazi. Wahamasishaji wengi hawalitaji. Kuna moyo mzito ambao dawa yake ni kukaa na anayekudai mkapangiana malipo, si kusimama mbele ya kioo ukajisifu.

Sasa hilo la kuwaza mazuri. Asili yake imo katika dini, na ni asili nzito. Mtume alikataza kuamini mikosi na visirani, akasema kwamba fali njema inampendeza. Alipoulizwa fali ni nini akajibu kuwa ni neno zuri (Bukhari na Muslim). Siku ya Hudaybiya, mahali karibu na Makka palipofungwa mkataba na Makureshi mwaka wa 6 Hijria, alipomwona Suhayl bin Amr anakuja kwa niaba ya Makureshi, alilipokea jina lake kwa wema, maana lina sauti ya wepesi, akawaambia Maswahaba kuwa jambo lao limekuwa jepesi. Aliwahi pia kumtembelea bedui mmoja mgonjwa, akamwambia kama alivyozoea kuwaambia wagonjwa: "Hapana ubaya, ni tohara, inshaallah," yaani ugonjwa huo unakutakasa na dhambi. Mzee yule akakataa: "Unasema tohara? Bali ni homa inayotokota juu ya mzee mkongwe, inampeleka makaburini!" Mtume akasema: "Basi na iwe hivyo" (Bukhari).

Najua wahamasishaji wangeifurahia Hadithi hii. Wangesema: unaona, ameyaita kwa ulimi wake. Mimi siisomi hivyo. Bedui yule aliletewa bishara njema na dua ya Mtume mpaka kitandani kwake, akairudisha. Kosa lake lilikuwa adabu mbaya kwa Mola wake na kwa Mtume, hakuwa na ulimi wenye uwezo wa kuumba homa. Na hapa ndipo njia zinapoachana, nakuomba upazingatie. Yule anayekufundisha kwamba ulimwengu unakusikia, kwamba mawazo yako yanavuta riziki na afya, amekuhamisha katika mlango wa itikadi bila wewe kujua. Ulimwengu ni kiumbe. Hausikii dua wala hautoi. Katika Hadithi Qudsi, yaani Hadithi ambayo Mtume anaipokea kutoka kwa Mola wake, Allah amesema: "Mimi niko kwa mja wangu kama anavyonidhania" (Bukhari na Muslim). Dhana njema ya Muislamu ina anayedhaniwa. Ina Mwenyewe, Aliye hai, Mwenye hekima, anayeweza kukupa ulichoomba au kukunyima kwa kujua usilolijua.

Tofauti hiyo inaonekana siku mambo yakiharibika. Anayetegemea nguvu ya mawazo, biashara ikianguka au mtoto akiugua, hana wa kumlaumu ila nafsi yake: hakuwaza vizuri vya kutosha. Huo ni ukatili, na nimeona wagonjwa wakiubebeshwa juu ya ugonjwa wao. Muumini amepewa kitu kingine. Suhayb amepokea kwamba Mtume alisema: "Ajabu ya jambo la muumini! Jambo lake lote ni kheri kwake, na hilo si la yeyote ila muumini. Akipatwa na la kufurahisha hushukuru, ikawa kheri kwake, na akipatwa na la kudhuru husubiri, ikawa kheri kwake" (Muslim). Hadithi haikusema atapatwa na ya kufurahisha tu.

Kuhusu kupoa kwako, ngoja turudi Hudaybiya, kwa sababu kisa hakikuishia kwenye jina la Suhayl. Maswahaba wapatao 1,400 walikuwa wamevaa ihramu, Makka iko karibu, na mkataba ukawarudisha nyuma bila umra. Mtume akawaambia: "Simameni mchinje, kisha mnyoe." Hakusimama mtu. Akarudia hadi mara tatu. Watu bora wa umma huu, waliompa ahadi ya kufa pamoja naye siku chache tu nyuma, walikaa kimya kwa majonzi. Akaingia kwa mkewe Ummu Salama akamweleza. Yule mama hakupendekeza hotuba ya kuwatia moyo. Alimwambia: toka, usimsemeshe yeyote hata neno moja, mpaka uchinje mnyama wako na umwite kinyozi akunyoe. Mtume akafanya hivyo. Walipomwona, waliinuka wote wakachinja, wakawa wananyoana wao kwa wao, na mpokezi wa kisa anasema walikaribia kuuana kwa ghamu waliyokuwa nayo (Bukhari). Yaani huzuni ilikuwa bado imo, mikono inatetemeka juu ya vichwa, lakini kazi imeshaanza kufanyika. Kisha Allah akateremsha Suratul Fat-h, na mwaka wa 8 Makka ikafunguliwa.

Wewe unasubiri moyo uchangamke ndipo utende. Ummu Salama aliliona jambo kwa upande wa pili: tenda, moyo utafuata kwa wakati wake. Na ndivyo ilivyo ahadi ya Allah ya maisha mema katika Suratun Nahl, aya ya 97: imefungwa kwa anayetenda mema hali ya kuwa ni muumini. Hasan al-Basri, mwanachuoni wa kizazi kilichofuata Maswahaba, alikuwa akisema kwamba muumini amemdhania Mola wake vizuri ndipo akatenda vizuri, na muovu amemdhania vibaya ndipo akatenda vibaya. Kwa hiyo dhana yako ipime kwa mikono yako, usiipime kwa hisia za asubuhi.

Ila usitende kwa pupa. Hamasa ya mwanzo ni moto wa karatasi: unamulika chumba kizima na hauivishi chungu. Mtume aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza, akaambiwa ni ya mkewe Zaynab, akichoka katika swala huishikilia. Akasema: "Ifungueni. Mmoja wenu aswali akiwa na uchangamfu wake, akichoka na akae" (Bukhari na Muslim). Kamba ile ilifungwa kwa nia njema kabisa, na bado ikafunguliwa. Na imepokewa katika kitabu cha Hadithi cha Imam Ahmad kwamba kila amali ina kipindi cha nguvu, na kila nguvu ina kipindi cha kupoa, na aliyepoa akabaki ndani ya Sunna ameongoka. Kupoa kwako ni maumbile ya binadamu. Kuacha kabisa ndiko kunakotakiwa kuogopwa. Kama kurasa zimekushinda, hifadhi aya moja na uirudie kutwa nzima ukiwa kazini. Kama Jumatatu na Alhamisi zimekulemea, Abu Hurayra aliusiwa siku tatu katika kila mwezi, naye hakuziacha. Amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo, kama alivyopokea mama yetu Aisha.

Na yale maneno unayojiambia asubuhi, nakushauri uyaweke katika nafasi ya pili, baada ya dhikri na swala. Mtume ametufundisha kwamba mtu anapolala shetani humfunga mafundo matatu nyuma ya kichwa, na katika kila fundo humwambia: usiku bado mrefu, lala. Akiamka akamtaja Allah linafunguka fundo moja. Akitawadha, la pili. Akiswali, la tatu, naye hupambazukiwa akiwa mchangamfu, nafsi yake nzuri. Vinginevyo hupambazukiwa na nafsi mbaya na uvivu (Bukhari na Muslim). Jitahidi Alfajiri yako iwe kwa wakati kwa mwezi mmoja kabla hujahukumu kuwa huna furaha. Na siku ambazo huswali kwa udhuru wa kike, dhikri na dua hazina kizuizi.

Hata hivyo, uzito wa moyo ukidumu wiki baada ya wiki, ukakuondolea usingizi na hamu ya kula, ukaacha kuyapenda hata yale uliyokuwa ukiyapenda, au ukajikuta unatamani kufa, nenda kwa daktari, tena usichelewe. Mtume amesema Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia ponyo (Bukhari), na maradhi ya moyo na akili yamo humo. Usikubali kila mtu akuambie ni majini, wala usione haya kumeza dawa. Mama yetu Aisha mwenyewe alikuwa akiwapikia waliofiwa uji wa talbina, akieleza kuwa amemsikia Mtume akisema unatuliza moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni (Bukhari na Muslim). Kama huzuni inatibiwa kwa uji, basi mwili una sehemu yake katika jambo hili.

Limebaki swali lako la mwisho. Kusema "alhamdulillahi" huku unaumia si uwongo. Hukutoa taarifa ya afya yako, umemsifu anayestahiki kusifiwa katika kila hali, na imepokewa katika kitabu cha Hadithi cha Ibn Majah kuwa Mtume alipoona linalomchukiza alikuwa akisema: "Alhamdulillahi ala kulli hal." Lakini pia hukuamrishwa kuficha. Katika maradhi yake ya mwisho, Mtume alimsikia Aisha akilalamika: "Ee kichwa changu!" Naye hakumwambia awaze mazuri. Alimwambia: "Bali mimi, ee kichwa changu!" (Bukhari). Mume na mke, kila mmoja anamwambia mwenziwe kinachomuuma. Basi anayekusalimia njiani mjibu alhamdulillahi, inatosha. Na yule unayemwamini, akiwa mume, dada au mama yako, akikuuliza hali, mweleze ukweli wote.

Wallahu a'lam.