Jibu: siku 14 kwa basi, Arusha hadi Matema

Mkuu, umeuliza namna ya kutumia likizo ya siku 14 kuona mikoa inayotofautiana kwa sura ya nchi na kwa watu wake, kwa mabasi ya kawaida, bila kukodi gari. Ile orodha yako ya Bukoba, Kigoma, Lushoto na Lindi iache kwanza. Kila sehemu inastahili kufikiwa, ila ukiziunganisha pamoja nusu ya likizo utaimalizia kitini. Shika barabara moja tu, ile inayoshuka kutoka Arusha kwenda kusini: Babati, Kondoa, Dodoma, Iringa, Uyole, Tukuyu, hadi Matema ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kipande cha Dodoma hadi Babati, kilomita 251, kilizinduliwa kwa lami mwaka 2018. Zamani hicho ndicho kilichokuwa kinawakatisha watu tamaa.

Panga kuanzia mwisho. Soko la vyungu la Lyulilo, jirani na Matema, ni la Jumamosi. Hesabu kurudi nyuma: ukitoka Arusha Jumatatu, Jumamosi ya pili ni siku yako ya 13. Ukianza siku nyingine yoyote, ama utalikosa soko au utakaa Tukuyu ukilisubiri.

Tikiti ikate ya upande wa dereva. Unashuka kusini asubuhi, kwa hiyo jua linapiga kushoto, na Ziwa Manyara, Mlima Hanang na bwawa la Mtera vyote viko kulia. Usikate tikiti ya basi la usiku hata kama utaokoa pesa ya gesti. Utalala ukipita kwenye vitu ulivyovifuata.

Babati na Kondoa zipe siku nne na zaidi, maana hapo ndipo penye utajiri ambao wengi wanaupita. Makundi yote manne makubwa ya lugha za nchi hii yanakutana katika eneo hilo: Warangi na Wambugwe ni Wabantu, Wairaqw, Wagorowa na Waburunge ni Wakushi, Wabarabaig na Wamasai ni Waniloti, na upande wa magharibi wa Kondoa, kuelekea Kwa Mtoro, wako Wasandawe, ambao lugha yao ina sauti za kudokoa ulimi. Ukikaa stendi ya Babati saa moja tu na masikio yako wazi, utasikia lugha ambazo hazina undugu kabisa, kisha wenyewe wanageukiana kwa Kiswahili kupatana bei. Siku ya pili nenda Katesh, chini ya Hanang. Ulizia kwanza Babati mnada wa ng'ombe unaangukia lini, kwa kuwa minada mingi hupangwa kwa tarehe za mwezi, si kwa siku za wiki. Mnadani salimia, nunua kitu, ndipo uombe kupiga picha; mama wa Kibarabaig mwenye vazi la ngozi si onyesho. Mlima wenyewe, mita 3,400 na ushee, unataka siku nzima na mwongozaji, na baada ya maporomoko ya Desemba 2023 usiingie njia ambayo wenyeji hawajakuambia inapitika.

Kondoa, kosa linalorudiwa ni kushukia Kolo, kijiji chenye michoro ya kale ya miambani, na mizigo ukitegemea kupanda basi jingine jioni. Mabasi ya Arusha–Dodoma yakipita pale mara nyingi yamejaa. Teremka hadi Kondoa mjini, lala, kisha asubuhi rudi Kolo kwa noa au bodaboda. Ofisi ya Mambo ya Kale iko hapo hapo Kolo: unalipa, unapewa mwongozaji, halafu mnaingia barabara ya vumbi ya kilomita karibu 10 kabla ya kupanda mlima kwa miguu. Patana na boda akusubiri, na bei ya kusubiri itajwe kabla ya kuondoka. Vaa viatu vya kushika mwamba, beba maji lita mbili.

Pale Mungumi wa Kolo, kwenye miamba yenye michoro, usiangalie haraka. Michoro ya zamani ni ile myekundu, mistari myembamba, watu warefu wenye vichwa vya ajabu, twiga, pofu. Juu yake utaona myeupe, minene, kama iliyopakwa kwa kidole; hiyo ni ya baadaye sana. Sogea pembeni ya mwamba uutazame kwa mshazari, mistari inajitokeza zaidi kuliko ukisimama mbele yake. Wapo wanaomwagia maji ili picha ing'ae. Hilo ni kuua mchoro, kwani maji huyeyusha chumvi za jiwe na kuacha utando juu ya rangi. Ukikuta dalili za tambiko, usiziguse. Mahali pale ni urithi wa dunia tangu 2006, lakini kwa wenyeji ni mahali pa kuombea mvua tangu zamani kuliko hapo.

Dodoma siku moja inatosha: ugali wa uwele kwa mlenda, na shamba la zabibu ukibahatisha mavuno, ambayo huko ni mara mbili kwa mwaka. Wazee wa Kigogo wasalimie "mbukwenyi". Halafu panda basi la Iringa kupitia Mtera, usikubali kuzungushwa Morogoro. Utashuka kwenye mibuyu hadi bwawani, kisha gari linapanda mlima wa Nyang'oro na ndani ya muda mfupi unatafuta sweta.

Iringa mabasi makubwa hayapandi mjini. Yanakuacha barabara kuu chini, utachukua daladala au bajaji. Isimila iko kama kilomita 20 njia ya Mbeya. Nenda asubuhi mapema, lile korongo la nguzo za mchanga likishika joto halitembeleki. Kalenga kuna makumbusho yenye fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954. Ulanzi, pombe ya mianzi, ni wa masika. Ukienda Agosti usishangae kuambiwa haupo.

Kutoka Iringa usiende hadi Mbeya mjini. Shuka Uyole, njia panda kabla ya mjini, kosta za Tukuyu na Kyela zinapita hapo hapo. Juu ya Isyonje ni baridi na ukungu, kisha unateremka kwenye chai na migomba ya Wanyakyusa. Tukuyu ni mvua karibu mwaka mzima, na njia ya Ziwa Ngozi huwa utelezi. Omba fimbo kwa mwongozaji. Daraja la Mungu, ambalo ni daraja la asili la mwamba, na Kijungu, vyote kwenye mto Kiwira, unaviona siku moja. Beba kitambulisho, eneo ni la magereza.

Ijumaa wahi Kyela kabla ya mchana, maana magari ya Matema kupitia Ipinda hupungua alasiri. Toa pesa Kyela. Huko ni joto na mbu, chandarua ukikague matundu kabla ya kulipia chumba. Usioge karibu na midomo ya mito, kuna mamba.

Jumamosi fika Lyulilo mapema, mitumbwi ya akina mama wa Kikisi kutoka Ikombe ikiwa inashusha. Gonga chungu kwa kifundo cha kidole: kikilia kama kengele ni kizima, kikitoa sauti iliyokufa kina ufa hata kama huuoni. Vyungu vyao ni vyembamba, kwa hiyo kijaze majani makavu ya mgomba ndani, kifunge kwa nje, na usikubali kondakta akiweke kwenye buti. Kipakate.