Punda wa Uzair na Wanyama Wanaosemwa Wamefufuliwa

SWALI: Assalamu alaykum sheikh wetu. Mimi ni mwalimu wa sayansi katika sekondari moja hapa Arua. Wanafunzi wameona kwenye simu kwamba Wamarekani wamemfufua mbwamwitu aliyetoweka zamani, na sasa wanamtafuta mamothi, yule tembo wa manyoya. Mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kama binadamu anafufua, ile aya ya mifupa iliyooza imebaki na maana gani?" Nikanyamaza. Je, jambo hili linawezekana kweli, na dini inasemaje? Mwingine, huyo ni mchokozi, anauliza kama nyama ya mamothi ni halali.

JIBU: Wa alaykumu s-salaam wa rahmatullahi wa barakatuh, mwalimu. Huyo kijana mfikishie salamu zangu, kauliza swali la maana. Aya anayoitaja ni ya 78 katika Sura Yasin, ya yule mshirikina wa Makka aliyeuvunjavunja mfupa mkavu mbele ya Mtume (s.a.w.) akisema: nani atauhuisha huu?

Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, husema hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu. Basi tuanze na kilichofanyika.

Huko Uhispania, kwenye milima ya Pyrenees, alikuwako mbuzi mwitu aitwaye bukardo. Wa mwisho, jike, alikutwa amekufa Januari 2000, ameangukiwa na mti. Kabla ya hapo walikuwa wamemkata kipande kidogo cha ngozi ya sikio na kukigandisha. Baadaye wakachukua mayai ya mbuzi wa kufugwa, wakatoa kiini cha kila yai, wakaweka mahali pake seli ya yule bukardo, kisha wakayapandikiza kwenye matumbo ya mbuzi wengine. Mwaka 2003 akazaliwa mtoto mmoja. Pafu lake lilikuwa na kasoro, akahangaika kuvuta pumzi, na baada ya dakika chache akafa. Huyo ndiye mnyama wa kwanza katika historia kutoweka mara mbili.

Sasa fungua al-Baqara, aya ya 259. Mtu ambaye wafasiri wengi humtaja kuwa ni Uzair alifishwa miaka mia moja, akainuliwa, akaambiwa amtazame punda wake: mifupa inanyanyuliwa, kisha inavikwa nyama. Hapo palikuwa na yai la nani? Tumbo la punda gani? Wale wataalamu walihitaji seli iliyogandishwa ingali nzima, yai la mnyama hai na mimba ya mnyama hai. Vyote hivyo walivikuta tayari. Mkulima akipanda kijiti cha muhogo kikachipua, hatusemi ameumba muhogo. Na al-Hajj, aya ya 73, imeshatuambia kwamba wote wakikusanyika hawataumba hata nzi.

Tena palipo na mifupa mitupu, kazi ni ngumu zaidi. Ile DNA, maandishi yaliyomo ndani ya seli, huoza. Ya zamani kabisa iliyowahi kusomwa ina umri wa miaka kama milioni 2, ilitoka kwenye udongo wa Greenland. Dinosaria waliondoka miaka milioni 66 iliyopita. Waambie wanafunzi hao wasahau.

Kuhusu mbwamwitu waliotangazwa mwaka 2025: hao ni mbwamwitu wa kijivu, wale wa kawaida, waliobadilishwa jeni 14, yaani vipande vya ile DNA, ili wafanane na yule wa kale kwa umbo na manyoya. Ni ufundi mkubwa, sikatai. Lakini kuwapa jina la mnyama aliyekufa miaka elfu kumi na zaidi iliyopita kunanikumbusha hadithi ya Mtume (s.a.w.) alipoingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni, vidole vikatoka na unyevu. Juu kavu, chini mbichi. Akasema, mwenye kutughushi si katika sisi.

Hukumu yenyewe si ndefu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi, katika kikao cha Jeddah cha mwaka 1997, lilikataza kumnakili binadamu, yaani kumzalisha kwa seli kama alivyozalishwa bukardo, likaruhusu ufundi huu kwa mimea na wanyama penye maslaha na pasipo madhara. Mimi nasimama hapo, ila neno madhara lichukuliwe kwa uzito. Kiumbe anayezaliwa ili akose pumzi ni umma kama sisi, kwa mujibu wa al-An'am, aya ya 38.

Na maslaha ninayoyaona yako karibu na kwetu. Kifaru mweupe wa kaskazini alikuwa wa Nile Magharibi. Pori la Ajai lilitengwa kwa ajili yake. Majangili walimmaliza, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda haikuwa na kifaru porini. Wale unaowaona kwenye hifadhi iitwayo Ziwa, Nakasongola, ni wa kusini. Wa kaskazini wamebaki wawili duniani, mama na binti, huko hifadhi ya Ol Pejeta, Kenya. Dume wa mwisho, aliyeitwa Sudan, alikufa Machi 2018. Wataalamu wana viinitete, yaani mimba changa, vilivyogandishwa, wanajaribu kuvibebesha majike wa kusini. Hilo naliombea dua. Sisi ndio tuliomharibu, na aliyeharibu mali ya mwenzake hulipa. Seuze amana ya Allah.

Ama nyama: katika madhehebu yetu ya Shafi'i tembo haliwi, na mamothi ni ndugu yake. Mwambie mchokozi wako atafute mbuzi.

Wallahu a'lam.