Kabla Pikapu Yako Haijaiacha Lami kwa Mara ya Kwanza

Wengi wetu hapa Nairobi hununua pikapu kwa ajili ya kazi: kubeba saruji hadi kiwanja cha Kitengela, kupeleka chakula cha mifugo Kajiado, au kushusha mboga Marikiti alfajiri. Miaka inapita bila kuguswa kile kitufe cha kuunganisha magurudumu yote manne, mpaka siku unapoalikwa mahali ambako lami inakomea, na ndipo unapotambua kwamba gari unaloliendesha kila siku bado hulijui. Ninawaandikia walio katika hali hiyo, kwa kuwa nimepita humo humo.

Jambo la kwanza ninalomwambia anayeanza ni kwamba pikapu haikwami kwa kukosa nguvu. Injini yake ya dizeli ina nguvu ya kutosha karibu kila mahali utakapofika mwaka huu. Kinachokosekana ni mshiko wa tairi juu ya ardhi, na nguvu ikizidi mshiko, tairi huzunguka mahali pamoja na kuchimba. Nilijifunza hilo nyuma ya Isinya, mwezi wa Aprili, nikiwa na pikapu tupu ya kebini moja, asubuhi iliyofuata usiku wa mvua. Udongo mweusi wa nyanda zile hupasuka nyufa wakati wa kiangazi, lakini ukinywa maji huvimba, hunata, na kujaza mifereji yote ya tairi hadi ikawa laini kama chupa. Nilipohisi gari linalegea nilikanyaga mafuta, na liliposimama nikakanyaga zaidi, na nilipokumbuka kuunganisha magurudumu ya mbele, difu ya nyuma, lile bonge la chuma lenye gia katikati ya magurudumu ya nyuma, ilikuwa tayari imekalia udongo. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga mbuzi alisimama akatazama kwa muda, kisha akaniambia, "Kijana, acha kukanyaga. Unalichimbia kaburi." Nikamjibu, "Sawa, mzee," nikazima injini, na tukasubiri jua likaushe udongo hadi saa tisa alasiri. Tangu siku hiyo, kila ninapojiandaa kwa safari, najiuliza ni nini kitakachoniongezea mshiko.

Jibu kubwa kuliko yote ni upepo wa matairi, nalo halikugharimu kitu zaidi ya geji nzuri na pampu ya kuchomeka kwenye betri. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kilichopo kwenye fremu yake. Pikapu nyingi hupangiwa takriban pauni 30 hadi 35 kwa inchi ya mraba, na mara nyingi matairi ya nyuma huwekewa kiwango cha juu zaidi gari likiwa na mzigo. Kiwango hicho ni cha lami. Tairi likiwa gumu kwenye mawe hurukaruka na kukatika kwa urahisi, na kwenye mchanga huzama, ilhali ukipunguza upepo linalala, eneo linalogusa ardhi linarefuka, na uzito wa gari unagawanyika juu ya sehemu kubwa zaidi. Kwa njia ya mawe na mashimo mimi hushuka hadi 26 au 28, na kwa mchanga wa laga, yaani mto wa msimu uliokauka, hadi 18 au 20. Sikushauri kushuka chini ya 15 katika safari ya kwanza, kwa sababu tairi laweza kuchomoka kwenye rimu unapokata kona. Mwendo nao lazima upungue pamoja na upepo, kwa kuwa tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa hupata joto na kuharibika kutoka ndani, mahali ambapo jicho halioni. Kwenye matope mazito ya udongo mweusi, hata hivyo, kupunguza upepo hakusaidii sana, na dawa ya kweli ni kusubiri au kurudi ulikotoka. Kwa sababu hiyo ningekuomba uifanye safari yako ya kwanza Januari au Februari, au kati ya Julai na Septemba, badala ya msimu wa mvua za masika au za vuli.

Jibu la pili linahusu pikapu peke yake. Uzito mwingi uko mbele, chini ya boneti, na springi za nyuma zimetengenezwa kubeba karibu tani moja, kwa hiyo pikapu tupu huwa nyepesi na ngumu mahali pale pale ambapo magurudumu yanayosukuma yapo. Weka kilo 150 hadi 200 za magunia ya mchanga au mitungi ya maji, karibu na kebini na usawa wa ekseli ya nyuma, wala si mkiani, ukaufunge mzigo huo kwa kamba imara ili usiteleze. Magunia yana faida nyingine: ukikwama, mchanga humwagwa mbele ya tairi, na gunia lenyewe hutandikwa chini yake.

Baada ya hapo, jifunze gia zako kabla ya kuzihitaji. Katika pikapu nyingi, unapounganisha magurudumu manne, ekseli ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka kwa kasi moja, ingawa kwenye kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu zaidi. Juu ya changarawe au udongo tairi huteleza kidogo na tofauti hiyo ikaisha, lakini juu ya lami kavu haina pa kwenda, na vyuma vya ndani hukazana hadi kuharibika. Tafuta basi kiwanja cha murram, ujizoeze kuunganisha ukiwa kwenye mwendo wa taratibu, kisha simamisha gari, weka gia huru, na uingize gia za chini, zile ambazo katika magari mengi hupunguza mwendo na kuongeza msukumo kwa takriban mara mbili na nusu. Gia hizo ni za kupanda mahali pabaya na, zaidi ya hapo, za kuteremka, kwa kuwa injini yenyewe hushikilia gari na breki hazichemki. Kumbuka pia kwamba bila kufunga difu, gurudumu moja likining'inia hewani ndilo litakalozunguka, na mwenzake aliye ardhini atabaki kimya.

Hapa nataka kukaa kidogo kwenye gurudumu la akiba, kwa sababu ndilo linalowaaibisha watu wengi. Katika pikapu nyingi hukaa chini ya kitanda cha nyuma, likishikwa na mnyororo unaoteremshwa kwa kuzungusha chuma kirefu, na hapa jijini wengi wetu tumeongeza kufuli ili lisiibwe. Gari likikaa kwenye tope, huwezi kulifikia kabisa. Mnyororo nao hushika kutu, na ufunguo wa kufuli husahaulika nyumbani. Kwa hiyo, siku mbili kabla ya safari, literemshe, lipime upepo, kisha ulipakie juu ya kitanda. Siku hiyo hiyo toa gurudumu moja na ulirudishe kwa kutumia jeki na spana iliyokuja na gari. Nilifanya hivyo mara moja nikakuta kwamba gereji niliyokuwa nimeipelekea gari ilikuwa imekaza nati kwa mashine ya upepo kiasi kwamba spana yangu haikuweza kuzifungua. Afadhali hilo lilitokea uani kwangu. Usisahau ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, kwani kwenye ardhi laini jeki huzama badala ya gari kuinuka.

Vifaa vingine ni vichache: sepetu, vifaa vya kuziba pancha, glavu, tochi, maji ya kunywa kupita mahitaji yako, na kamba ya kuvutia. Kamba hiyo inahitaji tahadhari kubwa kuliko kitu kingine chochote ulichopakia. Usiifunge kamwe kwenye kile kichwa cha mviringo cha kukokotea trela, kwani kikikatika huruka kama risasi na kimeua watu. Ifunge kwenye ndoana zilizoungwa kwenye chesisi kwa kazi hiyo, tupa blanketi au koti zito juu ya kamba, na kila asiyeendesha asimame mbali kuliko urefu wa kamba yenyewe. Na kwa kuwa kamba haina kazi bila gari la pili la kukuvuta, safari ya kwanza ni ya magari mawili.

Njia ninayoipendekeza ni Barabara ya Magadi. Jaza mafuta Kiserian, pita Kona Baridi, kisha uteremke kwenye Bonde la Ufa hadi eneo la Olorgesailie, ambako mashoka ya mawe ya watu wa kale bado yamelala ardhini yalipogunduliwa. Njia za pembeni ni za mawe magumu, na lami haiko mbali ukihitaji msaada. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na Ziwa Magadi takriban 600, kwa hiyo tegemea joto kali, na pima upepo wa matairi asubuhi kabla hayajapata moto. Ardhi ile ina wenyewe; uliza kabla ya kuingia, usiiache njia iliyopo ukakanyaga malisho, na umsikilize mchungaji anapokueleza hali ya laga. Mvua ikinyesha milimani, maji huweza kufika huku juu yako kukiwa na jua, na maji usiyoweza kuyavuka kwa miguu usiyavuke kwa gari.

Kila penye shaka, simama, shuka, na utembee njia yote kwa miguu. Mashindano ya Rhino Charge, ya magari ya nje ya barabara hapa Kenya, yaliyoanza mwaka 1989, hayamtuzi mwenye mwendo wa kasi bali anayefikia vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na ndani ya timu zake wapo wanaokimbia mbele ya gari kuitafuta njia. Pikapu yako ni ndefu, magurudumu ya mbele na ya nyuma yakiachana kwa mita 3 hivi. Jiwe lililopita salama chini ya bampa laweza kugonga tumbo, na mkia hukwaruza unapotoka korongoni. Mwombe mwenzako asimame mbele akuongoze kwa mikono, na mkubaliane ishara kabla ya kuanza. Ukishindwa kupanda mteremko, usigeuze gari ubavu. Rudi nyuma moja kwa moja ukiwa kwenye gia ya nyuma.

Ukirudi kwenye lami, tenganisha magurudumu ya mbele, jaza upepo hadi kiwango cha kibandiko, na kagua nati za kila gurudumu. Usukani ukitetemeka njiani kuelekea Kiserian, tazama kwanza ndani ya rimu, kwani tope lililokauka humo hutosha kulifanya gurudumu liyumbe. Likwangue kwa kijiti, kisha endelea na safari.