Saitolojia (uchunguzi wa seli kwa hadubini): maswali yenu wiki hii

Muuguzi, kliniki ya mama na mtoto: Maabara inanirudishia slaidi za shingo ya kizazi kwamba "zimekauka". Nakosea wapi?

Sekunde za mwanzo. Ukishapaka tu, tumbukiza slaidi kwenye ethanoli ya asilimia 95, kabla hata mama hajashuka kitandani. Ikae humo dakika 15 au zaidi. Ikipigwa na hewa, viini vya seli huvimba na kupauka, na saitoplazimu (sehemu ya seli inayozunguka kiini) iliyotakiwa kushika rangi ya kijani huvuta uwaridi. Kiini kilichovimba kwa kukauka na kilichokuzwa na ugonjwa huweza kushabihiana, ndiyo maana tunakataa kubahatisha. Na jina liandikwe kwa penseli. Wino huyeyuka ndani ya spiriti, kisha slaidi inabaki haina mwenyewe.

Mkojo wa kutafuta saratani ya kibofu, niuchukue asubuhi?

Wa kwanza umwage. Seli zake zimelowa usiku kucha na zimeharibika. Leta unaofuata. Makohozi ndiyo ya alfajiri.

Slaidi "haitoshi" ikiwa na seli ngapi?

Kwa mfumo wa Bethesda, unaotumika kuripoti slaidi za shingo ya kizazi, slaidi iliyopakwa kwa mkono inahitaji seli bapa zipatazo 8,000 zinazoonekana vizuri. Iliyoandaliwa kwa kimiminika, 5,000. Hatuhesabu moja moja, tunakadiria. Damu au usaha ukifunika zaidi ya asilimia 75 ya seli, nayo haisomeki. Ila zikionekana seli zenye kasoro, hata chache, lazima ziripotiwe. Kuiita "haitoshi" hapo ni kosa kubwa.

Mwanafunzi: Nimekuta fungu moja la seli za saratani kwenye slaidi ambayo kwingine kote ni safi. Niripoti?

Ngoja kwanza. Zungusha skrubu ndogo ya hadubini: fungu hilo likionekana wazi wakati majirani zake wamefifia, huenda limeelea juu yao, limetoka slaidi nyingine kupitia beseni la rangi. Tafuta slaidi zilizotiwa rangi pamoja nayo, hasa za maji ya kifuani au tumboni, maana hizo humwaga seli hovyo. Ukikuta seli za sura ileile, mwite msimamizi mlinganishe. Ikibidi, mgonjwa achukuliwe sampuli upya. Kinga yake ni kuchuja rangi kila siku, kubadilisha alkoholi, na slaidi za maji hayo kuzipitisha mwisho, au kwenye mabeseni yake peke yake.

Kwa siku nisome slaidi ngapi?

Sheria ya Marekani inaweka kikomo cha 100 kwa saa 24, zisomwe kwa muda usiopungua saa nane. Hicho ni kikomo. Anayeanza kazi asikifanye lengo.