Abhimaan, sikukuu ya Idi na cherehani cha mke wangu

Kama wewe na mwenzio mnafanya kazi moja, na siku hizi mmoja wenu amekuwa mzito wa maneno bila sababu ya kueleweka, itafuteni sinema ya Kihindi iitwayo Abhimaan mwitazame. Msiitazame na ukoo mzima kama nilivyofanya mimi. Au itazameni na ukoo mzima, halafu mwirudie wawili tu.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Ufundi nimeupata kwa marehemu baba, na mke wangu nimemfundisha mwenyewe: kuchukua vipimo, kuchora kwa chaki, kukata, mpaka kutia zipu isionekane. Nilikuwa nikijisifu barazani kwamba mimi nimeoa mwanafunzi wangu. Baada ya miaka minne wateja wakaanza kuja na neno moja: "Fundi, hiki kitambaa akikate mama." Mwanzo nilicheka. Nani asiyefurahi mwanafunzi wake akisifiwa?

Kisha akaja mama mmoja na vitenge vya sare ya harusi, magauni 24, akaniambia usoni kwamba anataka mkono wa mke wangu, si wangu. Nikamjibu mke wangu anaumwa. Mke wangu alikuwa jikoni anachoma vitumbua, mzima wa afya. Yule mama akajitwisha mzigo wake akaenda zake, nami nikaona afadhali tukose wote. Wiki ile ile nikakihamisha cherehani cha mke wangu chumba cha nyuma, eti mbele kuna vumbi la barabarani. Nikaacha na mimi kukata. Mkasi ukaning'inia msumarini, nami nikawa mtu wa kahawa na bao mpaka usiku wa manane.

Hivyo ndivyo tulivyoifikia Idi. Mchana, baada ya pilau, kijana mmoja ninayemfundisha kazi akaleta flashi imejaa sinema za Kihindi za zamani. Shangazi yangu akachagua Abhimaan kwa sababu ya Amitabh Bachchan. Alikuwa ameiona kwenye mkanda wa video enzi zile, anakumbuka nyimbo, hadithi imempotea.

Kwa asiyeijua: ni sinema ya mwaka 1973, ya mwongozaji Hrishikesh Mukherjee. Subir, mwimbaji anayetamba Bombay, anasikia sauti ya msichana wa kijijini, Uma, anampenda, anamwoa. Ni yeye Subir anayetaka waimbe pamoja, yeye anayemwingiza Uma kwenye kurekodi. Uma hana haja na umaarufu. Lakini watu wakishaisikia sauti yake, ndiyo wanayoitaka. Subir anaanza kununa, anakunywa, anaacha kuimba, anakimbilia kwa rafiki yake wa zamani, Chitra. Uma anarudi kwao kijijini akiwa na mimba, mimba inaharibika, naye anabaki kama mtu aliyegeuka jiwe. Halii, hasemi. Mwisho Subir anamleta jukwaani na kuuimba mbele ya watu wimbo wao wa kumngojea mtoto, mpaka Uma anabubujikwa na machozi na kuimba naye.

Vijana walichoka mapema. "Mbona hapigani?" Wao Amitabh wanayemjua ni wa Zanjeer na Sholay. Hapa hakuna jambazi wala bastola, na ndiyo maana sinema inauma: hakuna mtu wa kumzomea. Hata Chitra, aliyechezwa na Bindu, mwigizaji ambaye mara nyingi alipewa nafasi za wanawake wachokozi, hapa ni mtu mwema anayeona mambo kuliko mwenye nyumba.

Maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, Shangazi hasomi Kiingereza, na bado yeye ndiye aliyeielewa kuliko sote, maana alikuwa akitazama nyuso. Kwenye sherehe ya harusi maharusi wanaimba pamoja, watu wanafurahi, na mzee mmoja miongoni mwa wageni anaingiwa na wasiwasi kwa kuona mke ana kipaji kumshinda mume. Shangazi akasema palepale, "Basi, imekwisha hapo." Saa nzima na zaidi ilikuwa bado.

Sinema ilipokwisha, sebule ikageuka baraza la mashauri. Shemeji yangu akasema kosa ni la Uma, mwanamke mwenye akili angejipunguza. Dada yangu akamrukia: ajipunguze hadi wapi, abaki na roho tu? Vijana wakasema kosa ni la pombe. Jirani yetu akasema mwisho ule ni wa uonevu, mume amekosa mwaka mzima na amesamehewa kwa wimbo mmoja. Shangazi akawanyamazisha wote: "Mmeona watu wanapiga makofi, mkasahau. Yule mtoto je?"

Mimi nilimtetea Subir, tena kwa sauti kubwa. Mke wangu alikuwa anakusanya vikombe, hakusema kitu.

Hapa ndipo ushauri wangu unapoanzia. Watu wakibishana kuhusu sinema ya ndoa, kila mtu anaisema ndoa yake. Shemeji alikuwa anamsema mkewe, dada alikuwa anamjibu mume ambaye hakuwepo pale, nami nilikuwa najitetea kesi ambayo hakuna aliyenifungulia. Kwa hiyo mkiitazama na watu, usishinde ubishi. Sikiliza mwenzio anamtetea nani, na wapi ananyanyuka kwenda jikoni. Mke wangu alinyanyuka mara mbili, na mara zote mbili Subir alikuwa anatabasamu kwa mdomo huku macho yameshaondoka.

Wageni walipotawanyika, akakunja mkeka, akaniuliza taratibu kabisa: "Baba Fatma, kile cherehani changu kitarudi lini mbele?"

Sikuwa na jibu la vumbi tena.

Jina Abhimaan hutafsiriwa kuwa kiburi. Mimi ningeliita kususa. Mwenye kiburi hujiona mkubwa na hajali, lakini Subir anajali mno. Yeye anasusa kama mtoto anayekataa chakula akingoja kubembelezwa, na kadiri anavyobembelezwa ndivyo anavyozidi kukasirika, kwa sababu anayembembeleza ndiye aliyemzidi. Hili nalijua mwilini mwangu. Mke wangu alipoona nimebadilika, alianza kuwaambia wateja, "Mwenye duka ni baba, mimi namsaidia tu." Alidhani ananistahi. Kila nilipolisikia neno lile nilichomeka zaidi, maana ni uchungu kuonewa huruma ndani ya ufundi wako mwenyewe. Kwa hiyo nasema kwa upole kwa wanaomsifu Uma kwa kunyamaza: kunyamaza kwake hakukumponya mume, na yeye mwenyewe kulimgeuza jiwe. Kule kwangu adabu ile ilikuwa inanilisha kisirani, na mke wangu naye alikuwa anasusa kwa njia yake ya heshima.

Tuliirudia wiki iliyofuata, wawili, watoto wamelala. Sinema yenyewe ni kama saa mbili. Sisi ilituchukua hadi karibu na alfajiri, kwa sababu tulikuwa tukisimamisha. Nakushauri usimamishe pale kwenye sherehe ya harusi, kabla mambo hayajaharibika, umwulize mwenzio: sisi yetu ilikuwa siku gani? Mke wangu alikuwa na siku yake, nami yangu, na hazikuwa siku moja. Yangu ilikuwa ya yule mama wa sare. Yake ilikuwa miezi saba kabla, aliponionyesha gauni alilolitia bitana peke yake, nami nikaligeuza nikatafuta kosa mpaka nikalipata. Mimi silikumbuki hata rangi. Yeye analikumbuka na kosa lake.

Jambo jingine tulilozungumza usiku ule ni waigizaji wenyewe. Amitabh, aliyeigiza Subir, na Jaya Bhaduri, aliyeigiza Uma, walioana Juni 1973, sinema ikatoka Julai. Kabla ya Zanjeer, iliyotoka miezi michache tu nyuma, Jaya ndiye aliyekuwa na jina kubwa, na Amitabh alikuwa na mfululizo wa sinema zilizoanguka. Maharusi wale walikubali kuigiza jambo ambalo lingeweza kuwa la kwao. Baadaye mizani ikageuka: mwanamume akawa mkubwa kuliko sinema zenyewe, na mwanamke kwa miaka mingi hakuonekana sana kwenye filamu. Mke wangu akasema, "Kwa hiyo bila sinema, mwisho ulikuwa mwingine." Tukaachia hapo, ndoa za watu tunazitazama kwa mbali tu.

Kuna wanaoshikilia kwamba hadithi imetokana na maisha ya mwanamuziki huyu au yule wa India, na ubishi huo haujaisha. Hauna faida kwako. Ukianza kumtafuta Subir wa kweli, utampata Bombay, kumbe umekaa naye sebuleni.

Tulichofanya sisi ni vitu vidogo. Cherehani kikarudi mbele asubuhi ile ile, nilikibeba mwenyewe, na kiuno kinanikumbusha mpaka leo. Kila nguo ina kikaratasi cha jina la aliyeikata, na aliyeikata ndiye anayetaja bei. Fedha zinaingia kopo moja, tunahesabu Ijumaa. Na mteja akimtaka yeye, mimi namwita kwa sauti, sisemi anaumwa. Gumu kuliko yote ni hili: wivu ukinijia, nautaja siku ile ile, ungali mdogo. "Leo nimeona wivu." Mara ya kwanza nililitoa neno hilo kama mtu anayeng'olewa jino.

Haya ni ya watu wanaopendana waliosusiana. Kama nyumbani kuna kipigo au vitisho, acha habari za sinema, waone wazee wenye busara, ustawi wa jamii au dawati la jinsia pale polisi.

Juzi amekuja mteja, kanipita mlangoni kama nguzo, akauliza mama yuko wapi. Nikaona kama sindano imenigusa kidole. Usiku nikamwambia mke wangu, leo imenijia tena, kwa yule mrefu wa baibui la kijani.

"Yule?" akasema. "Ana deni langu tangu Mfungo Tano. Mchukue wewe."