Siku Ikikukataa, Sema Mapema

Wewe unayeanza kazi ya hesabu kwenye maduka ya vipuri huku Kirinyaga Road, jua kwamba ipo siku itakayokukataa tangu alfajiri. Mvua huwezi kuizuia. Kosa la pili unaweza.

Yangu ilikuwa tarehe 9 Aprili, masika yamekolea. Nilitoka Kayole saa kumi na mbili, nauli imeshapandishwa kwa sababu ya mvua, na Jogoo Road magari hayasogei. Nilishukia City Stadium nikamaliza safari kwa miguu, viatu vimejaa maji. Nafika dukani saa tatu na nusu, simu inalia: mzee anayetuuzia breki kwa jumla anataka shilingi zake 18,400.

Nikamtumia kwa M-Pesa. Namba yake inaishia 67, mimi nikaandika 76. Kabla pesa hazijaenda, jina lilitokea kwenye skrini, tena la mwanamke. Macho yaliliona lakini sikulisoma, kwa kuwa kichwani bado nilikuwa nagombana na makanga. Tangu siku hiyo nalisoma jina kwa sauti, hata wateja wakiwa wamejaa, na nakuomba sana uanze hivyo mapema. Afadhali zaidi, hifadhi namba za wanaotudai kwenye simu ya duka, usiziandike upya kila mara.

Ujumbe wa muamala ulipaswa kutumwa kwa namba 456 ya Safaricom papo hapo ili pesa zirudishwe, maana kila dakika inayopita mpokeaji anaweza kuzitoa. Mimi nilipoteza karibu saa nzima nikimpigia mtu nisiyemjua, naye hapokei. Kisha nikafanya jambo ambalo hadi leo linaniuma: nikachota mauzo ya asubuhi kwenye droo, nikamlipa mzee wa breki, nikanyamaza. Nilidhani nitafidia kabla bosi hajaja.

Saa sita stima zikapotea. PAYE ya Machi, ile kodi inayokatwa kwenye mishahara, ilikuwa bado haijawasilishwa mtandaoni, na mwisho wake ni tarehe 9 hiyohiyo. Siku hizi naimaliza tarehe 5, na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ambayo mwisho wake ni tarehe 20, naifunga tarehe 15. Zile siku chache za katikati ndizo zinazokuokoa.

Bosi alikuja saa tisa, akahesabu droo, akanitazama. Nikamweleza yote. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Ulijua saa ngapi?"

"Saa nne, mzee."

Alikaa kimya kitambo, kisha akachukua mwavuli, tukaenda pamoja saiba, duka la intaneti, ya Tom Mboya Street iliyokuwa na jenereta. Tuliwasilisha ushuru jioni hiyo, yeye akinisomea tarakimu mojamoja, mimi nikizirudia kwa sauti kabla ya kubonyeza.