Wasomaji Wanauliza: Barua ya Askofu, Parokia Iliyofutwa na Fedha za Paa

SWALI: Askofu wetu ametoa barua ya kichungaji. Amekemea rushwa na kutaka mahabusu waliokaa miaka bila kesi wafikishwe mahakamani. Ilipokuwa ikisomwa, baadhi ya waamini walitoka nje wakisema askofu kaingia kwenye siasa. Je, ana haki hiyo? Na mimi nisipokubaliana naye, natenda dhambi? (Katekista)

JIBU: Haki anayo, tena ni wajibu wa daraja lake. Kanuni ya 747 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 inalipa Kanisa haki ya kutangaza kanuni za maadili daima na popote, hata zinazogusa mpangilio wa jamii, na kutoa hukumu juu ya mambo ya wanadamu pale ambapo haki za msingi za mtu au wokovu wa roho vinadai hivyo. Mtu anayeozea mahabusu bila kesi ni suala la haki ya msingi. Papa Leo XIII alipoandika juu ya ujira wa wafanyakazi, tarehe 15 Mei 1891, alisimama juu ya msingi huohuo.

Mpaka nao upo. Kanuni ya 285 inawakataza wakleri, yaani maaskofu, mapadre na mashemasi, kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali, na ya 287 inawazuia kuwa watendaji katika vyama vya siasa, isipokuwa mamlaka ya Kanisa ikiona kwamba ulinzi wa haki za Kanisa au manufaa ya wote yanadai hivyo. Kukemea rushwa hakujavuka mpaka huo. Mara nyingi kinachovuruga watu si barua, ni nyongeza: padre anamaliza kusoma, anakunja karatasi, kisha anatia neno lake juu ya mgombea fulani. Waamini wanarudi nyumbani wakiamini neno hilo limetoka kwa askofu. Kwa hiyo omba nakala, uisome yote, kalamu mkononi.

Ukiisoma hivyo utaona sentensi zake si za uzito mmoja. "Mtu asinyimwe uhuru bila kuhukumiwa" ni fundisho la maadili, na kanuni ya 753 inatutaka tupokee mafundisho ya askofu wetu kwa utii wa kidini. "Mahabusu wamejaa kwa sababu mahakimu ni wachache" ni maelezo ya hali ilivyo, nayo yanasimama au kuanguka kwa ushahidi. "Bunge liweke ukomo wa siku za upelelezi" ni pendekezo la dawa, na hapo Wakatoliki wawili wema wanaweza kutofautiana bila yeyote kutenda dhambi. Kanuni ya 227 inawatambulia walei, yaani waamini wasio wakleri, uhuru wao katika mambo ya dunia. Inawaonya pia, na onyo hili husahaulika, kwamba katika mambo yenye ruhusa ya kutofautiana mtu asiyatangaze maoni yake kana kwamba ndiyo mafundisho ya Kanisa.

Basi ukipinga dawa iliyopendekezwa, mwandikie askofu. Kanuni ya 212 inampa mwamini haki, na mara nyingine hata wajibu, wa kuwaeleza wachungaji maoni yake kwa heshima, kwa kadiri ya ujuzi wake. Ukurasa mmoja unatosha: taja aya, sema unachopinga, toa sababu. Kutoka nje katikati ya Misa hakumwelezi askofu lolote.

SWALI: Askofu wetu ametimiza miaka 75. Je, maamuzi yake ya sasa bado yana nguvu? (Mwanakwaya)

JIBU: Yana nguvu kamili. Kanuni ya 401 inamwomba askofu aliyetimiza umri huo awasilishe barua ya kung'atuka kwa Baba Mtakatifu, ambaye ndiye anayeamua baada ya kupima mazingira yote. Jimbo haliwi wazi kwa sababu barua imetumwa, ila kwa sababu imekubaliwa. Likishakuwa wazi, chombo cha mapadre washauri kinachagua msimamizi wa jimbo ndani ya siku 8, isipokuwa Roma iwe imepanga vingine. Huyo msimamizi haruhusiwi kuleta mabadiliko makubwa: analilinda jimbo mpaka askofu mpya aje.

SWALI: Baada ya komunyo padre alitangaza kwamba askofu amefuta parokia yetu na kuiunganisha na ya jirani. Tumeanza kukusanya sahihi. Je, kuna njia ya kukata rufaa? (Mwenyekiti wa halmashauri ya parokia)

JIBU: Ipo, lakini angalieni kalenda kabla ya sahihi. Rufaa nyingi za namna hii hufa kwa kuchelewa, hata pale hoja zilipokuwa nzuri, na inauma kuona hivyo.

Ombeni dekreta yenyewe, yaani hati ya uamuzi wa askofu, kwa maandishi. Uamuzi wa namna hii hutolewa kwa maandishi na kutaja sababu, walau kwa kifupi (kanuni ya 51). Andikeni tarehe mliyoipata. Kuanzia hapo mna siku 10 za kumwandikia askofu mwenyewe mkimwomba aibatilishe au airekebishe. Hatua hii hairukwi: ukienda moja kwa moja Roma, utarudishwa. Siku hizo hazihesabiwi kwa asiyejua uamuzi au asiyeweza kuchukua hatua, lakini msiutegemee mlango huo. Pelekeni barua kwa mkono, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu.

Askofu ana siku 30. Akikataa, tangu siku mnapoarifiwa mnahesabu siku 15 za kupeleka rufaa kwa Baraza la Kipapa la Wakleri. Akinyamaza, siku hizo 15 zinaanza pale 30 zinapokwisha, na hapa ndipo wengi hukosea: wanaendelea kusubiri jibu, na mlango unafungwa.

Juu ya sahihi, rufaa hukatwa na waamini wenye majina, mmoja mmoja au kwa pamoja. "Kamati ya kuokoa parokia" isiyotambuliwa na Kanisa haina miguu ya kusimamia. Kila anayesaini aweke jina kamili na anwani.

Hoja ndiyo kazi kubwa. "Babu zetu walilijenga kanisa hili" ni maneno ya kweli na yanagusa moyo, ila si hoja ya sheria. Ulizeni: je, baraza la mapadre lilisikilizwa? Kanuni ya 515 inamlazimu askofu kulisikiliza kabla ya kufuta parokia, ingawa hafungwi na ushauri wake. Je, ninyi mnaoguswa mlisikilizwa kwa kadiri ilivyowezekana, kama isemavyo kanuni ya 50? Na sababu iliyotajwa ni ipi? Maelekezo ya Roma ya mwaka 2020 juu ya parokia yanasema uhaba wa mapadre, au hali ya jumla ya fedha ya jimbo, si sababu tosha ya kufuta parokia. Dekreta ikitaja hilo tu, hapo mna mahali pa kushika.

Jengo la kanisa ni suala jingine. Kuunganisha parokia hakulifungi. Kuliondoa kanisa katika matumizi ya ibada kunadai dekreta yake na sababu nzito, kwa mujibu wa kanuni ya 1222. Wanaokuja na vipimo na bei ya kiwanja waonyeshe kwanza karatasi hiyo.

SWALI: Tulichangia paa la kanisa. Paa halijaezekwa, na tunasikia fedha zimenunua gari la parokia. Paroko anasema gari nalo ni la Kanisa. (Mwamini)

JIBU: Gari ni la Kanisa, lakini mchango ulikuwa wa paa. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Hata nia njema haiondoi sharti hilo.

Ila "tunasikia" si ushahidi. Tafuteni tangazo lililosomwa, stakabadhi, na tarehe za makusanyo. Mwandikieni paroko mkiomba hesabu ya mfuko wa paa peke yake: zilizoingia, zilizotoka, salio. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Waulizeni pia wajumbe wa kamati ya fedha, ambayo kila parokia inapaswa kuwa nayo kwa kanuni ya 537: je, waliulizwa kabla gari halijanunuliwa? Kukiwa kimya, pelekeni nakala za barua hizo kwa askofu, ambaye ana wajibu wa kusimamia mali za parokia zake. Msianzie kwenye makundi ya simu. Jina la padre likishachafuliwa huko halisafishwi na stakabadhi itakayopatikana baadaye, na huenda fedha bado ziko benki zikisubiri bati.